Sita Iliyosomwa Saba

Mjomba,

Nakuita kama tulivyozoea, mimi nikikuita mjomba nawe ukiniita mjomba, hata mgeni akashindwa kujua nani kamzidi mwenzake umri. Mola akupe nafasi huko uliko. Nimekuja kaburini mara tatu nikitaka kukueleza jambo hili, na mara zote tatu nimekuta mtu karibu anapalilia. Nikasoma Fatiha, nikaondoka. Jambo lenyewe si la kusikiwa na watu. Ndiyo maana nimekaa hapa karakanani, mlango nimeurudisha, nakuandikia.

Unajua mimi si mwepesi wa kumwamini mtu. Mbao nikiletewa nanusa kwanza. Sasa fikiria mtu kama mimi anaingizwa kwenye biashara ya kompyuta, vitu vya kufungwa kwenye maboksi yenye picha za moto na majoka, na ndani yake ni kibati chembamba kama biskuti. Nilijiambia siku ya kwanza, hawa watu lazima wana lao.

Lakini wewe ndiwe uliyenituma. Unakumbuka siku ile kitandani pale hospitali ya Msambweni uliponishika mkono ukasema nitafute karatasi? Nilikuwa na risiti ya misumari mfukoni na penseli ya useremala sikioni. Penseli hiyo hainitoki. Kuna mwaka niliogelea nayo kutoka Shimoni hadi Wasini, nikatoka majini mimi nimelowa, yenyewe kavu. Ukaanza kunitajia. Kompyuta yako ya gemu, ile uliyokuwa ukiiunga kipande kwa kipande, kesi, yaani sanduku lake, ilikuwapo, na kadi ya picha ipo, umeifunga ndani ya kanga ya mama yako. Vilivyobaki ni vinne: prosesa, ndiyo ubongo wake, mazabodi, ubao wa kuchomekea vyote, ramu ya kumbukumbu, na pawa ya kugawa umeme. Sauti yako ilikuwa nyembamba, ikabidi nisogeze sikio. Ukasema, "Mjomba, usibadilishe hata kimoja. Vinategemeana. Na iwe ya Mwanatumu."

Niliandika, mjomba. Vile vinne niliviandika vyote, na neno lako la mwisho. Ila niliandika kama ninavyoandika mimi.

Herufi niliweka za shule, maana ulikuwa ukinitajia moja moja. Namba nikaziandika za chuoni, zile za Kiarabu za kwenye msahafu. Si kwa makusudi, mkono ulikwenda wenyewe. Miaka yote vipimo vyangu vya milango na vitanda naviandika kwa namba za chuoni, mafundi wenzangu wakichungulia wasiibe kitu. Nawe wazijua: sita yake ukiitazama kwa jicho la shule ni saba. Tano yake ni duara, mtu atasema ni sufuri. Na sufuri yake ni nukta tu, kama inzi ametua.

Siku mbili baadaye ukatutoka.

Matangani, siku ya tatu, mmoja wa wazee akasema vitu vya marehemu vigawiwe, na hiyo mitambo iuzwe, gemu si jambo la kumfaa mtoto wa kike. Nikasema hapana, Rashidi ameacha neno. Watu wakatazamana. Mama yako, dada yangu Mejumaa, akasema mbele ya ukumbi mzima, "Likiwa neno la mwanangu, nitalisimamia. Likiwa neno la Bakari, twamjua Bakari."

Watu wakacheka, mjomba. Matangani kwako, watu wakacheka. Hata mimi nilitaka kucheka. Ni kweli nimewahi kuwaambia kuwa nilimfunga mamba wa mto Ramisi mdomo kwa mkanda wa suruali. Ni kweli nimesema nilitengeneza kitanda cha hoteli moja ya Diani, kipana hata Mzungu na mkewe wakatafutana asubuhi. Lakini hili halikuwa la mamba. Hili lilikuwa kweli, na nikaona halitaaminika kwa sababu linatoka kinywani mwangu. Basi nikaitoa karatasi nikasema, "Haya, hili si neno la Bakari. Ameandika mwenyewe, kwa mkono wake."

Mama yako akaipokea karatasi, akaitazama kitambo, akampa dada yako Mwanatumu. Mwanatumu akasema mbona mwandiko haufanani na wa kaka. Nikamjibu, mkono wa mgonjwa hutetemeka. Ukweli wako nikaufunga kwa kamba ya uongo wangu. Na kamba ile nilidhani imara.

Miezi ilipopita na huzuni kupungua kidogo, tukapanda tuk-tuk mimi na dada yako hadi Ukunda, kwenye duka la vifaa. Muuzaji ni msichana wa bara, Akinyi. Hakusalimia. Alisema tu, "Sema mzee." Nikamwekea alama hapo hapo. Mtu asiyejua shikamoo atajuaje prosesa? Mwanatumu akamtajia kadi ya picha tuliyo nayo. Msichana akaichukua karatasi, akaisoma, akaigeuza juu chini, akaisoma tena.

"Ramu kumi na saba? Mzee, hakuna kitu kama hiyo. Iko nane, iko kumi na sita, iko thelathini na mbili. Na hii pawa ni sabini? Sabini haiwezi kuwasha hiyo kadi yenu, itakufa tu. Halafu mazabodi ya B sufuri sufuri, hiyo ni nini? Nani aliandika hii?"

Mwanatumu akasema, "Kaka yangu. Ni marehemu."

Msichana akashusha karatasi. Akasema, "Pole sana. Lakini hizi namba si sawa."

Mjomba, nilijua pale pale. Kumi na saba ilikuwa kumi na sita yangu. Sabini ilikuwa mia sita na hamsini, na ile nukta ya mwisho ndiyo sufuri. B sufuri sufuri ilikuwa B mia tano na hamsini. Neno moja tu lilitosha. Lakini neno hilo Mwanatumu angelielewa mara moja, maana ndizo namba za aya anazozisoma kila Ijumaa. Hakuzitambua kwa kuwa hakuzitarajia kwenye risiti ya misumari, katikati ya herufi za shule. Akizitambua, atajua zimeandikwa na nani. Na wewe katika maisha yako hukupata kuandika sita ya chuoni nje ya chuo.

Basi nikafanya nini? Nikamgeukia msichana wa watu. Nikamwambia, "Sema huna mali. Usimsingizie maiti." Nikanyakua karatasi tukatoka.

Ndani ya tuk-tuk Mwanatumu alinigeukia tulipoikaribia njia ya kwetu. Akaniuliza, "Anko, kaka alikuwa akijua vitu hivi kuliko mtu yeyote. Anawezaje kuandika kumi na saba?" Nikasema, homa. Akageuza uso kando. Akasema polepole, "Kwa hiyo siku ile hakuwa anajijua. Nami nilidhani alikuwa akinifikiria."

Alilia mpaka mlangoni.

Hapo ndipo nilipoona nimefanya nini. Nimekutia wazimu, mjomba, wewe uliyekuwa na akili timamu kuliko sisi wote tuliokizunguka kitanda. Bado sikusema. Nilijiambia, hebu tujaribu duka jingine, huenda Mungu akafungua njia. Jina la duka silitaji. Liko kando ya barabara ya kwenda Likoni, na mwenye duka ni mtu wa salamu ndefu. Alinipa shikamoo mara mbili, akauliza watoto, akauliza mifugo ambayo sina. Akaitazama karatasi kwa jicho moja.

"Ramu kumi na saba? Ipo, mzee wangu! Imeingia juzi. Na pawa ya sabini ipo, ndiyo wanayotumia vijana siku hizi."

Mwanatumu akanirukia bega. "Umeona, anko? Ipo! Kaka hakukosea!" Tangu uondoke sijauona uso wake ukiwa vile.

Nami nikasimama pale nikimtazama mwenye duka. Mimi nimesema uongo tangu sijaota ndevu, namjua mwenzangu. Mtu wa kweli atakubishia kidogo. Aliyekubali upesi namna ile, kwa kitu ambacho hakijaumbwa duniani, huyo ana lake. Akaleta boksi. Nikapitisha ukucha juu ya karatasi ya namba, ukucha wangu huu wa kukagua gundi ya mbao. Ikabanduka. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine, na chini ya hiyo kijibango cha kifaa cha redio. Nikawaza ile kadi yako ya picha uliyoifunga kwa kanga, inachomekwa kwenye kitu kile na kuungua, na dada yako akisema moyoni, kaka ndiye aliyetaka hivi.

Nikamshika mkono nikamtoa. Alikasirika, akaniambia, "Anko, wewe humwamini mtu yeyote!" Nikasema, twende nyumbani kwa mama yako.

Ilikuwa baada ya alasiri. Mejumaa yuko uani anamenya muhogo. Nikakaa chini, kwenye mchanga, si kwenye kiti. Nikasema, karatasi ile niliandika mimi. Namba ni za chuoni. Rashidi alitaja, mimi nikaandika, matangani nikasema uongo, na yule msichana wa Ukunda nimemtukana bure.

Nilingoja kisu kirushwe. Mama yako akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Nimekungoja miezi minne, Bakari."

Nikauliza, ulijua?

"Nilijua pale pale ukumbini. Si tumekaa jamvi moja chuoni? Mwalimu alikuchapa mwaka mzima kwa ajili ya sita yako, mkia unaupinda kama nge. Nani mwingine ana sita ya namna ile toka Waa mpaka Vanga?"

Mimi ninayewatilia shaka watu wote, mjomba, miezi minne nimeishi na mtu aliyenitilia shaka mimi, akinipikia na kunikaribisha chai, asiseme neno. Nikamuuliza mbona hakuniumbua. Akasema hakutaka kuuvunja uongo wangu kabla hajajua ndani yake kuna nini. "Sasa niambie. Aliyasema kweli, au umeyatunga?"

Nikafungua mdomo niape. Akasema, "Usiape. Isome alivyoitaja."

Nikaisoma. Yale ambayo hayakuenea kwenye risiti nikayatoa kichwani, na safari hii sikuongeza kitu. Nikasema prosesa hii, kwa sababu mazabodi ile inaipokea. Ramu iwe mbili za nane, zipate kumi na sita, zisichomekwe jirani, ziruke nafasi moja. Pawa mia sita na hamsini isipungue, kadi hula sana. Hapo uliomba maji. Ukanywa mafunda mawili. Ukasema feni za mbele zivute na ya nyuma itoe, Mwanatumu husahau. Nikasoma mpaka "na iwe ya Mwanatumu", nikaikunja karatasi.

Dada yako alikuwa amejifunika uso kwa leso. Akasema, "Ni kweli huwa nasahau feni."

Mama yako akaweka kisu chini. Akasema, "Haya ni ya mwanangu. Bakari hawezi kutunga kitu kama hiki. Uongo wake wote una mamba ndani."

Wallahi, mjomba, katika maisha yangu sijapata kusifiwa nikafurahi kama siku hiyo.

Kesho yake tulirudi kwa Akinyi. Nilimwomba radhi mbele ya wateja wake. Alinitazama akasema, "Sawa mzee, yameisha. Sasa niandikie vizuri." Mwanatumu ndiye aliyeandika. Msichana akaisoma mara moja tu, akaitikia kwa kichwa, akasema huyo kaka yenu alijua kuchagua. Hata hivyo nilisimama nyuma yake muda wote akiunga. Skrubu nilizihesabu. Zilipobaki mbili nikamuuliza za wapi, akaniambia huwa zinabaki, nikamwambia kwetu useremalani skrubu ikibaki mlango utaanguka. Alicheka, akafungua tena kunionyesha kila tundu limejaa. Simtilii shaka tena. Kidogo tu.

Iliwaka mara ya kwanza, mjomba. Feni zikazunguka, za mbele zikivuta, ya nyuma ikitoa. Niliweka kiganja nyuma ya kesi nikausikia upepo wake, wa vuguvugu. Sikuweza kukaa. Nilitoka nje nikajidai natafuta tuk-tuk.

Habari za nyumbani ni hizo. Mama yako afya ipo, ila chakula chake kimepungua. Kanga yake ameirudisha kabatini, haivai. Mwanatumu anacheza gemu yenu ya mpira akitoka kazini, kwenye meza niliyomchongea mimi mwenyewe kwa mbao ya mvule. Akifunga goli hugeuka upande wa kushoto, ulikokuwa ukikaa. Kisha anarudisha macho mbele. Mimi huwa naliona hilo, nami simwambii.

Sasa nakuaga, mjomba, lala kwa salama. Nina ahadi moja. Mimi kusema nitasema, mdomo huu hauna kitasa. Milango yangu, mamba wangu, hayo niachie. Lakini yako sitayaongeza hata nukta. Tayari vijana wa hapa wameanza kuniuliza, eti Rashidi alikuwa bingwa wa pwani nzima, alikuwa hafungiki? Nilikuwa na jibu la kuwachukua hadi magharibi. Nikameza mate. Nikawaambia ulikuwa mchezaji wa kawaida, dada yako alikufunga siku nyingi, na kila akikufunga ulicheka kuliko yeye.

Mjomba wako,
Bakari