Neno Linalokula Bure

Kimumu,
Eldoret.
9 Agosti 2025.

Mpendwa ndugu yangu Wabuge,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi na matope. U mzima? Wifi yangu Cate naye, kile kifua chake kimepona? Usimwache atoke bila sweta. Najua huko kwenu pia sasa ni majira ya baridi. Sisi tunalala na tunaamka, na hilo peke yake ni la kushukuru. Mahindi ya shamba letu la Ziwa yameanza kutoa mbelewele, na yule ng'ombe mwekundu wa Mama amezaa ndama jike.

Kwa simu tumekuwa tukilia tu. Mimi nikianza, wewe unamalizia, kisha salio linaisha. Ndiyo maana nimeonelea niandike. Karatasi za uhamiaji zilikunyima mazishi ya Mama, na hata ile video uliyokuwa ukifuatilia ilikatika mvua ilipoanza. Nataka ujue jinsi tulivyomzika, na yaliyotokea kabla.

Siku ya kwanza nilipoingia jikoni kwake bila yeye, macho yalienda moja kwa moja kwenye mlango. Upande wa ndani bado ni mweusi, vile alivyoupaka rangi tukiwa wadogo ili uwe ubao wake. Mchana kutwa alifundisha Kiingereza shuleni, na akirudi, maji ya ugali yakichemka, anatuandikia sentensi mbovu tuzitibu. Unakumbuka? *Return back. Repeat again.* Aliyeona neno la ziada ndiye aliyepewa ukoko wa sufuria.

“Hili linakula bure,” Mama alikuwa akisema, chaki mkono mmoja na mwiko mkono wa pili. “*Return* ameshafika nyumbani. *Back* anatafuta nini hapa?”

Na ile yako ya mvua je? Uliandika *Milking the cow, the rain fell on me.* Mama akaisoma mara mbili, akakutazama. “Wabuge, tangu lini mvua ikakama ng'ombe wangu?” Tulicheka mpaka Kiptoo akamwaga maziwa, na siku hiyo hakuna aliyechapwa.

Neno aliloliogopa kuliko yote ni *only*, yaani ‘pekee’. Alisema ni kama mbwa mkali: uangalie sana unamfunga karibu na nani, kwa sababu lazima atamuuma mtu.

Sasa sikiliza. Jumatano kabla ya mazishi, Baba Mdogo Mabonga alileta wasifu wa Mama aliokuwa amechapisha mjini, ili tuupitie kabla vijitabu havijatengenezwa. Tuliketi sebuleni, yeye, mimi na Kiptoo. Ulianza hivi: *The late deceased Tryphosa passed away and died.* Wabuge, kifo mara nne katika sentensi moja! Hata kwa msiba ule nilicheka. Nikamwonyesha Baba Mdogo, naye hakukasirika.

“Mwalimu angenicharaza,” akasema, akakata maneno yaliyozidi.

Tukaendelea vizuri mpaka tukafika mahali pa watoto. *She leaves behind her daughter Maximilla, her only son Wabuge, and an adopted boy, Kiptoo.* Wewe mwana wa pekee, yeye mvulana wa kulea tu.

Kiptoo alikuwa ameketi juu ya gunia karibu na mlango. Aliinuka akasema anaenda kumnywesha ng'ombe maji. Alikuwa amemnywesha muda si mrefu.

Wewe ulikuwa hujajua hata kutembea vizuri, kwa hivyo nikukumbushe. Mwalimu Rael, mama yake Kiptoo, alikuwa akifundisha na Mama darasa kwa darasa. Alipofariki, watu wa kwao Moiben walisema watamjia mtoto baada ya mavuno. Mavuno yakapita, na mengine, na mengine. Hakuna aliyekuja. Mama naye hakuuliza tena.

Nikamwambia Baba Mdogo, “Hapa pia kuna maneno ya kutoa. *Only* na *adopted*.”

“Hayo si makosa ya Kiingereza, Maximilla. Hiyo ni kweli.”

“Ni kweli ya nani, Baba?”

“Ukoo unakuja. Wazee watauliza huyu ni nani. Na neno likitoka kwenye karatasi leo, kesho litakuwa shambani, kwenye mgao wa ardhi. Hilo hujaliona?”

Nililiona. Usimhukumu, ndugu yangu. Alikuwa amesimamia kila kitu tangu hospitalini, na kila jioni simu za wazee zilikuwa zikimsumbua kuhusu ile ardhi.

Nilitoka nikamkuta Kiptoo zizini, mkono juu ya mgongo wa ng'ombe. Ana mvi sasa, ungemwona. Miaka hii miwili ambayo Mama hakuweza kutembea, yeye ndiye aliyembeba, akamwosha miguu, akamsomea gazeti naye akisahihisha waandishi.

“Achana nayo, dada,” akaniambia. “Mzee hajadanganya. Mimi shamba sijaliomba. Nataka tu siku hiyo nisimame pale wanaposimama watoto.”

Nilirudi ndani nikiwa nimefura. Nikamwambia Baba Mdogo, “Jumamosi wewe ndiye utasoma. Basi soma sasa, kwa sauti, Kiptoo akiwa mbele yako.”

Kiptoo akaitwa. Baba Mdogo akavaa miwani, akaanza. Sauti yake unaijua, ile ya kanisani. Alipofika *her only son* akashusha karatasi. Kiptoo alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto anayengoja kiboko.

“Ulikuja hapa ukiwa na miaka mingapi?” Baba Mdogo akamuuliza.

“Minne.”

“Mwalimu mwenyewe alikuwa akikuita nani, mbele ya watu?”

Kiptoo alifikiri kidogo. “Siku moja tukiwa sokoni, mama mmoja alimuuliza, ‘Huyu ndiye yule wa kulea?’ Mama akamjibu, ‘Wote ni wa kulea. Wewe wako hulei?’”

Nilimsikia Mama kabisa, na ile pumzi ya kicheko aliyokuwa akiivuta puani. Baba Mdogo akavua miwani, akaipangusa kwa shati muda mrefu.

“Nipe kalamu,” akasema.

Alikata mwenyewe. Si maneno mawili tu. Alipanga sentensi upya. Na Jumamosi, mbele ya ukoo mzima, walimu wastaafu na wanafunzi wa Mama ambao sasa ni babu za watu, alisoma hivi: *She leaves behind her children, Maximilla, Kiptoo and Wabuge.* Watoto wake, tulivyozaliwa, tukifuatana. Mzee mmoja alimwinamia baadaye akamuuliza, huyo wa katikati ni wa wapi? Nilikuwa karibu nikasikia jibu. “Nimesoma polepole makusudi ili msikie.”

Habari ya shamba haijaisha. Baba Mdogo ametuita tuketi Desemba, na ameniambia wazi kwamba wazee watataka neno lako kwanza, kwa sababu wewe ndiye wanayekuhesabu. Sikuandikii la kusema. Mpigie Kiptoo kabla hujawapigia wao. Yeye hatakupigia, anaogopa utadhani anataka kitu.

Nimebakiza jambo moja ambalo kwa simu nimeshindwa kulisema. Kaburini, wakati wa kutupa udongo, Kiptoo alikuwa nyuma kabisa na vijana wenye majembe. Nilidhani atabaki huko. Baba Mdogo akaita kwa sauti, “Kiptoo! Wewe ndiye mkubwa wa wavulana. Njoo.” Watu wakampisha. Mvua ilikuwa imeanza, udongo umekuwa tope. Akatupa wake, akasimama kidogo. Nikafikiri amemaliza, nikanyoosha mkono nimshike. Hakuondoka. Aliinama tena, akachota mwingine kwa mikono yote miwili, akasema, “Huu ni wa Wabuge.” Akautupa.

Msalimie sana Cate. Jeruto, mke wa Kiptoo, anakusalimu, na Baba Mdogo Mabonga anasema anakuombea hizo karatasi zitoke. Mungu aliyemlaza Mama salama awafunike na nyinyi huko mliko, na awafungulie njia ya kuja nyumbani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye mbali na karibu,

Maximilla