Mkono wa Juu wa Trekta

Kaka yangu,

Huku tu wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, na paa la stoo limeacha kuvuja. Sasa tusikilizane.

Umeandika tena kwamba ule mkono wa juu unaoshika plau tununue mwingine wa kuzungusha kwa mkono kama huu uliochakaa, eti wa haidroliki ni anasa ya wavivu, mipira yake ya mafuta hupasuka, na Baba amelima miaka yote bila huo. Kweli, mipira hupasuka. Lakini wewe unalimia kwenye simu!

Shamba letu juu ni gumu, bondeni laini. Kila ukivuka lazima ushuke, uuzungushe ule mkono, plau likae sawa, ndipo upande tena. Baba hashuki. Juu plau linaparura kama kuku, bondeni linazama mpaka trekta inalia. Nikisema, nafokewa: "Udongo umebadilika!"

Kumbe siku hizi anaegesha trekta ubavuni mwa ukuta wa zizi, na hapo ndipo anapopandia na kushukia. Shambani hakuna ukuta. Magoti yamemwisha, Kaka. Hataki tujue, nami najifanya kipofu.

Wa haidroliki unarekebishwa kwa kusukuma kishikio, wewe ukiwa umekaa kitini. Kama bado unautaka wa kuzungusha, nunua, sigombani. Ila uulete mwenyewe, na ubaki hapa umzungushie.

Ni mimi dada yako, niliyechoka kufokewa kwa niaba ya udongo.