Mama Agnesi na Kitabu Nilichokificha Kwenye Mbegu

Mwaka mzima umetimia leo, Mama Agnesi, tangu ulipotuaga Novemba ile ya 1976, mvua zikiwa bado hazijaanza. Agnesi, binti yetu mkubwa, alikuwa ameshaandika tangazo la kumbukumbu yako, mistari minne mizuri, alibandike kwenye ubao wa darasa la kisomo hapa Kisanga ulikokuwa ukifundisha watu wazima. Nimeisoma. Haina neno la uongo hata moja. Lakini mimi mumeo, Lupakisyo, sikuridhika nayo, nikamwomba kalamu.

Agnesi ameandika kwamba ulikuwa mpole. Ni kweli. Ameandika kwamba tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa mwaka 1974 wewe ndiye uliyewashika mikono akina mama waliokuwa wanatia kidole gumba, hata wakaandika majina yao. Ni kweli pia. Ulikuwa ukirudi shambani kwa jembe, unanawa miguu, unajifunga khanga safi, na saa kumi kamili umeshika chaki. Nilikuwa naiona chaki kwenye nywele zako kila Jumamosi nikirudi kutoka kambi ya genge la reli, kule njia ya Mikumi.

Ila Agnesi hakuandika habari za wivu wangu, maana hazijui vizuri. Nitaziandika mimi.

Nianze na Eliabu. Jumamosi moja nilikuwa naingia uani na baiskeli, nikakusikia jikoni ukimwambia jirani yetu Mwanakheri, "Yaani Eliabu jana kanitoa machozi. Mwanamume anarudi kazini kachoka, vumbi mpaka kwenye kope, anamwosha mkewe miguu! Wako wapi wa namna hiyo?" Mwanakheri akaguna. Nami nikasimama na baiskeli yangu, vumbi mpaka kwenye kope, nisijue niingie au nirudi kambini.

Sikukuuliza. Ningekuuliza ingekuwa nafuu, lakini wivu haukunipa nafasi. Nilimwuliza Cornel, mwenzangu wa genge, kama anamfahamu mtu anayeitwa Eliabu. Akafikiri, akasema yuko mmoja Rudewa, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Siku yangu ya mapumziko nikapanda treni hadi Kilosa, nikaazima baiskeli, nikaenda Rudewa kumwona mwanamume huyo anayewaosha wake za watu miguu. Nilimkuta kibarazani anasuka mkeka, hana jino hata moja. Nikampa shikamoo yake. Akaitikia marahaba, akanikaribisha uji. Nilipomwuliza kama anamjua mwalimu Regina wa Kisanga, akasema amesahau hata majina ya wajukuu zake.

Nilirudi nimechoka na aibu, ndipo nikakuuliza. Ulicheka ukakaa chini. Ukachukua kitabu kwenye mkoba wako, kile ulichokuja nacho kutoka semina ya walimu wa kisomo Morogoro, chenye jalada la bluu, kinaitwa *Maji Chini ya Mji*. Ukasema, "Eliabu wako huyu hapa, Baba Agnesi. Yumo humu, tangu enzi za Mfalme Hezekia."

Nilidhani kujua kungeniponya. Hakukuniponya hata kidogo. Mtu wa Rudewa ningeweza kwenda kumfokea. Huyu wa kwenye kitabu ningemfanya nini?

Na wewe ukazidi. Ulikisifu kitabu kile kwa kila aliyejua kuunganisha herufi. Ulikuwa na namna yako ya kukisifu, ukimtazama mtu kwanza ujue anachokipenda. Paulina, ambaye hapendi mambo marefu, ulimwambia, "Soma kurasa tano tu, ukichoka nirudishie." Hakukirudisha wiki nzima. Mwanakheri alipokuambia, "Mimi Mwislamu, Mama Agnesi, mambo ya Biblia yananihusu nini?" ulimjibu, "Mji umezingirwa na maadui, chemchemi iko nje ya ukuta. Kiu ina dini gani?" Akakichukua. Ulimweleza jinsi mafundi wa mawe walivyochimba mwamba kutoka pande mbili, hawa huku na wale kule, wakifuatana kwa kusikiliza nyundo, ili walete maji ndani kabla Waashuru hawajafika. Eliabu ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa upande mmoja. Mrefu, mpole wa maneno, anamwimbia mkewe.

Mimi ni mfupi. Siimbi. Nilitengeneza reli miaka kumi na minne, nikabadilisha mataruma chini ya vyuma juani, nikafukuza tembo kwenye njia ya treni pale Mikumi, na hakuna aliyetoa machozi.

Siku moja nilikujazia mapipa mawili ya maji kutoka mtoni, kwa baiskeli, safari sita. Ukasema asante. Kisha ukacheka peke yako. Nikauliza unacheka nini, ukasema, "Nimekumbuka kitu kwenye kitabu." Hapo ndipo nilipochoka na huyo Eliabu.

Mwezi wa nane, baada ya mavuno, wewe ukiwa darasani, nilikitoa kitabu mkobani. Kilikuwa na uzi mwekundu wa kushonea mahali ulipofika, kwenye sura ya tano, maana ulikuwa unakirudia mara ya pili. Nikapanda kwenye dari ya jikoni juu ya meko, yanapokaa mahindi ya mbegu yakipata moshi yasibunguliwe, nikakisukuma katikati ya mahindi hayo. Nilijiona nina akili sana. Mbegu hazishikwi na mtu mpaka mvua, nikajisemea.

Ulikitafuta siku tatu. Ukaniuliza mara moja tu, "Baba Agnesi, hujakiona kitabu changu?" Nikasema sijakiona. Ukanitazama kidogo. "Basi kitaonekana," ukasema, ukaendelea kuchambua mchicha.

Darasani kitabu kilikuwa kikisomwa kwa zamu, na Paulina alikuwa amebakiza mwisho. Akalalamika, na wengine wakalalamika, ikabidi uwasimulie kwa mdomo. Watu wakawa wanakuja kukusikiliza mpaka wasio wanafunzi. Nilikuwa nimemficha Eliabu darini, akatokea mdomoni mwako kila siku ya kisomo. Wivu wangu ukawa mbaya kuliko mwanzo.

Kisha mwezi wa kumi figo zikakuangusha, wakakupeleka hospitali Kilosa. Habari zilinifikia kazini karibu na Mikumi. Siku ile toroli la genge, lile la kusukuma juu ya reli, lilikuwa limepangwa kwenda upande wa Kidatu. Nilimwomba nyapara mpaka akachoka na mimi, tukaligeuza, mimi na Cornel tukalisukuma kuelekea Kilosa kutwa nzima. Njiani nilikuwa natunga maneno ya kukuambia. Nilitaka yawe mazuri, kama ya yule bwana. Nilipofika kitandani kwako, ukafumbua macho ukasema, "Umekuja?" Maneno yote yakanitoka. Nikasema, "Toroli lilikuwa linakuja huku."

Ulicheka, Mama Agnesi. Ulicheka mpaka nesi akaja kuona kuna nini. Ukanishika mkono ukasema, "Basi unishukurie hilo toroli."

Nilinuna. Nasema kweli mbele ya wote watakaosoma ubao huu: mke wangu yuko kitandani hospitali, nami nimekaa pembeni yake nimenuna. Nilidhani unanilinganisha na fundi wako, unaniona mimi mtu gani nisiyeweza kusema hata neno moja tamu. Nilikaa nawe wiki tatu, nikakunywesha uji, nikakugeuza ubavu, na sikukuambia kitabu kiko wapi. Mara mbili nilikaribia kukiri. Nilikuwa naona ukikipata utakuwa na Eliabu siku zako zilizobaki, nami nilizitaka zote ziwe zangu. Ukaondoka hujakisoma tena. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na nikarudi na imani hiyo nyumbani kutoka makaburini.

Disemba mvua zikanyesha. Kwa mara ya kwanza tangu nikuoe nikapanda mwenyewe darini kushusha mbegu. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo mtoto yeyote wa hapa analijua: mbegu ni za mama. Wewe ndiye uliyekuwa ukizichagua, ukizipanga, ukizigeuzageuza kila wiki moshi uzifikie zote. Miaka yote hiyo nilikuwa nazila tu zikishakuwa ugali.

Kitabu kilikuwepo. Mimi nilikisukuma kitupu kati ya mahindi, kikipigwa na masizi. Nikakikuta kimefungwa kwenye kipande cha khanga yako ya kijani, kimekunjwa vizuri pembe nne. Nikafungua. Uzi mwekundu ulikuwa ukurasa wa mwisho.

Nikaketi kwenye kigoda, kitabu mapajani. Kumbe kila nikienda kambini ulikuwa unapanda, unashuka nacho, unasoma, unakifunga, unakirudisha pale pale nilipokificha, ili Jumamosi nirudi nikiamini nimefanikiwa. Hukuniumbua. Hukumwambia hata Costancia, mwalimu mwenzako, maana nilimwuliza.

Basi nikaanza kukisoma mimi. Niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole, ilinichukua kuanzia Krismasi hadi Pasaka. Nilimsoma Eliabu nikimtafutia kosa. Sikulipata. Ni mtu mzuri yule, na nilizidi kumchukia. Kulikuwa na mzee mmoja, Obedi, mbeba maji kwa punda, kazi yake kunung'unika sura hadi sura: jua kali, njia mbaya, punda wavivu, mfalme hajui uzito wa mtungi. Huyo nilikuwa namruka. Sikuwa na haja naye.

Nilipomaliza nikampelekea Costancia kitabu kiwe cha darasa. Mwanakheri alikuwepo. Nikajikaza nikauliza, "Hivi Mama Agnesi alimpendea nini hasa huyu Eliabu?"

Wakatazamana. Costancia akasema, "Eliabu? Eliabu tulimpenda sisi, shemeji. Mwalimu alitupa Eliabu ili tusome. Mwenyewe alikuwa akisema, 'Huyo mchukueni, gawaneni. Mimi niachieni Obedi wangu.'"

"Yule mzee wa punda?"

"Huyo huyo," akasema Mwanakheri. "Halafu akifika pale mzee anapolalamika juu ya mitungi, anachungulia njia kama baiskeli yako inakuja."

Nikakiomba tena kitabu. Wakacheka, wakanipa.

Nikamsoma Obedi neno kwa neno. Waashuru wanakaribia, watu wanakimbilia milimani, na Obedi amekwisha fika huko na punda wake watatu, salama. Lakini mkewe Naama hakuweza kutembea, alibaki mjini. Obedi anageuza punda. Anashuka peke yake njia ambayo wote wanaipanda, analaani kila jiwe, anapita langoni likiwa linafungwa, akilalamika kwamba ni jembamba. Naama anamwona, anauliza, "Umekuja?" Na mzee yule, baada ya njia yote ile, anasema, "Punda ndio waliogeuka."

Naama anacheka. Anasema, "Basi unishukurie hao punda."

Nimeusoma ukurasa huo mara nyingi kuliko sala ninazozijua, Mama Agnesi. Ulikuwa ukiniambia, na mimi nikanuna. Zile wiki tatu ulikuwa na kitabu kizima kichwani, na mtu uliyempenda humo alikuwa amekaa kando ya kitanda, anakunywesha uji, amevimbisha mashavu.

Usidhani wivu umekwisha. Sasa namwonea wivu Obedi. Yeye alijibiwa akaelewa hapo hapo, akavua viatu akakaa na mkewe. Mimi nimeelewa mwezi wa nne, nikiwa peke yangu jikoni.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma ubao huu, mimi Lupakisyo nakisifu kitabu kile kwa mdomo wangu. Kipo kwa Costancia, jalada la bluu, kinanuka moshi, kosa ni langu. Kisomeni hata kama ya wafalme wa zamani hayawahusu. Kina watu mtakaowajua. Msiruke mtu yeyote kwa sababu ananung'unika. Ila mkifika kwa Obedi msicheke mbele yangu, na uzi mwekundu uacheni ukurasa wa mwisho, ulipouweka mwenye kitabu.

Unakumbukwa na mumeo, na watoto wako Agnesi, Simoni na Filipo. Na dada yako Joana wa Malolo, anayepanda mbegu zako mwaka huu. Na shemeji zako wa Tukuyu. Na Costancia, Mwanakheri, Paulina na darasa lote la kisomo, ambao wamefaulu mtihani wao na kuniomba niwaandikie hilo ulijue.

Siku zote tutakazojaliwa, Mama Agnesi, hatutakusahau.

Wala usidhani nilikaa kutunga. Karatasi ya Agnesi ilikuwa imebaki nafasi.