Kitanda cha Ami Mansour

Jumamosi, 9 Mei 2026
Mume wangu! Naandika tena nijisikie: mume wangu, Mahir. Mwezi haujaisha tangu nikaha, na akiniita moyo bado unaruka. Ila tunalala sebuleni kwa dada yake, wifi Ghalia, hapa Barking, ughaibuni, nyuma ya pazia. Tukicheka, wanawe nao wanacheka. Udi alionipa mama umo sandukuni – moshi kidogo tu, king'ora cha darini kinaamsha jengo zima.

Lakini leo! Ami Mansour, aliyekuwa shahidi wa ndoa yetu, ana flati tupu juu ya duka. Chumba kimoja, dirisha linatazama reli. Kwangu ni kasri! "Yenu hii, wanangu," akasema. Nimeshachagua pahala pa chetezo cha udi.

Jumatatu, 11 Mei
Ami alipiga simu kuuliza kodi tutalipaje. Mahir hajui uongo – ndiyo maana nampenda! Akamwambia: tangu aumie mgongo akimnyanyua mgonjwa kazini, serikali inamsaidia kodi mpaka apone. Kisha Ami akasema watu wa benefiti, wanaolipiwa na serikali, yeye hawapangishi, ndiyo kanuni yake, tusione vibaya. Mahir akamshukuru. Akamshukuru! Halafu akajifungia bafuni, maji yanamwagika tu.

Jumanne, 12 Mei
Placida wa kazini kwangu nusura amwage chai nilipomsimulia. "Bibi harusi, tangu mwezi huu uanze ni marufuku! Hawezi kukukatalia kwa sababu ya benefiti. Piga simu kaunsili, halmashauri ya hapa, atozwe faini!" Kumbe sheria ipo! Nimerudi kwenye basi natabasamu peke yangu kama mwehu.

Wifi Ghalia akanizima. "Umshitaki shahidi wako wa ndoa? Kabla ya Isha kwetu Wete nzima wanajua. Na kaka yangu msikitini aswali safu gani?"

Mahir akanishika mkono chini ya meza. Mkono wa baridi.

Alhamisi, 14 Mei
Ami katuletea zawadi ya harusi. Kitanda! Cha watu wawili, godoro bado limo kwenye nailoni. Kakipandisha ngazi mwenyewe, mzee wa watu, anahema. Kambusu Mahir kwenye paji. Kaniombea: Mungu awape nyumba ya kheri, mwanangu. Nyumba! Nikampa chai. Nikasema ahsante.

Hapana pa kukiweka. Kimesimamishwa ukumbini, tunapita ubavu kama kaa.

Alipoondoka tu nikapiga kaunsili. Dada wa huko mpole kweli. Nimemweleza yote, isipokuwa jina. Akasema ndiyo, ni kosa, watamfuatilia. Akaniweka kwenye muziki nisubiri – ndipo naandika hapa, simu begani. Mahir yuko ukumbini, kaegemea godoro. Nimemuuliza kwa macho. Hakutikisa kichwa. Hakukubali pia. Anakwangua nailoni kwa ukucha.

Muziki umekatika. Dada amerudi, anataka jina la mwenye nyumba.

Anauliza tena kama bado nipo.