Kiatu Anaoga Mara Mbili kwa Wiki

Nyumba ya uani,
Nyuma ya duka la mbao.
Jumamosi, tarehe 14, baada ya kufua.

Mpendwa mke mwenzangu,

Salamu tele kutoka kwa bibi yako. Hujambo huko? Kifua kimepona, au bado unalala na nywele mbichi? Nakujua. Unakula chakula kilichopikwa, au ni mikate mikavu asubuhi hadi jioni? Mimi sijambo, ila magoti, na magoti siku hizi si habari tena.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa langu la tatu linanitosha. Sikumwita mtu aniandikie, maana yaliyomo humu ni ya wake wawili wa mume mmoja, wengine hayawahusu. Na simu sikuitaka. Kwenye simu unanikatiza.

Kwanza ujue hili: siku ile tulipozungumza habari za Kiatu, simu haikukatika yenyewe. Niliikata mimi. Ulinikera. Uko mbali huko, miaka miwili kobe wetu hujamshika, halafu unanipangia namna ya kumwogesha: mara mbili kwa wiki, maji ya uvuguvugu, yasipite kidevu, na ile rangi ya viatu niache kabisa. Nikasema moyoni, huyu nimemwogesha mimi kwenye karai, leo ananifundisha kuogesha! Nikabonyeza.

Unakumbuka mwenyewe ilivyokuwa. Kila Jumamosi babu yako akimaliza viatu vya watu, anasogeza kigoda chake hadi kizingitini, nawe unamleta Kiatu umemshika kwa mikono miwili kama sufuria ya uji. Brashi moja ya kupaka, moja ya kung'arishia. Ulimi umekutoka pembeni kwa bidii. Mnasugua hadi gamba linang'aa mtu anaweza kujitazamia meno. Mteja akija lazima aulize, "Fundi, na hiki nacho cha nani?" Babu yako hata hacheki: "Mwenyewe hajaja kukichukua." Ndipo jina likamganda, Kiatu. Kila mteja maneno yale yale, na wewe kila mara unagaagaa kwa kicheko kama vile ndiyo kwanza umeyasikia. Mimi jikoni najifanya nimekasirika, nawapigia kelele mnanichafulia nyumba. Sikuwa nimekasirika.

Babu yako alipofariki alituachia kopo moja la rangi, nusu. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nikawa nachovya ncha ya kitambaa, kidogo tu, kama mtu anayeonja chumvi, nampaka Kiatu. Nilijiambia kopo lisiishe kabla yangu. Sasa unajua kwa nini nilibonyeza ile simu.

Basi sikia. Mvua zilipokwisha Kiatu aliacha kula. Nikamwekea mchicha, nikamwekea tango, hata shingo hatoi. Siku tisa. Macho yamevimba, amekuwa mwepesi kama boksi tupu. Nikamtia kikapuni nikampeleka kwa daktari wa mifugo, yule mama mwenye mabuti aliyezoea ng'ombe. Akamgeuzageuza, akakwaruza gamba kwa ukucha, ukucha ukatoka mweusi.

"Bibi, umempaka nini huyu?"

"Kile kile anachopakwa miaka yote."

"Kwani ni kiatu?"

Nikamwambia ndiyo. Akanitazama kama mtu aliyepungukiwa akili.

Alinisema, mke mwenzangu. Mimi, niliyewasema watu mtaa mzima! Kobe amekauka kwa kukosa maji, gamba limezibwa na rangi, ningechelewa wiki moja ningerudi nyumbani kuchimba shimo. Kisha akanipa maagizo, nami nikatamani ardhi ipasuke: mara mbili kwa wiki, maji ya uvuguvugu, yasipite kidevu. Neno kwa neno kama ulivyosema wewe. Akae humo robo saa, nimkaushe vizuri, nimweke juani. Rangi niitoe kidogo kidogo kwa mswaki laini na tone la sabuni ya mtoto.

Nilishinda siku nzima na kopo mkononi. Viatu alivyoshona vimeshachakaa miguuni mwa watu. Kitu kilichobaki kinang'aa kwa mkono wake ni lile gamba, maana chini ya rangi yangu iko rangi yake. Na wa kulisugua ni mimi! Nilimtazama Kiatu, naye hana hata nguvu ya kunikimbia.

Jumanne asubuhi nikapasha maji, nikatoa karai lile lile lako. Usijidai, wewe na kobe mmeoga karai moja. Nikamweka. Akatumbukiza mdomo akanywa, akanywa, nikadhani atalimaliza. Aliposhiba akanya humo humo. Kama wewe.

Maji yalitoka meusi. Ijumaa meusi tena. Wiki ya tatu yakawa ya kahawia. Sikuyamwaga mferejini, moyo ulikataa. Niliyamwaga pale nje ya kizingiti kilipokaa kigoda, nikasimama hadi ardhi ikayanywa yote.

Sasa gamba lina mistari ya manjano, duara ndani ya duara. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Ndivyo alivyokuwa siku babu yako alipomleta ndani ya boksi la viatu, mama yako bado hajui kutembea. Na leo asubuhi amekula tango zima na kuniuma kidole juu yake. Nimemtukana kwa furaha.

Usiniletee maneno ya "si nilikuambia". Uliniambia. Nimeshaandika, soma mara moja, usimsomee mtu.

Kopo nimelifunga, lipo rafuni, bado lina kitu. Ukija utapaka viatu vyako.

Mama yako anakusalimu sana. Shangazi yako mshonaji anauliza kiuno chako, kama umenenepa useme kabla hajakata kitambaa. Seremala na mkewe nao wanakusalimu. Mungu akulinde njiani na kazini, akupe usingizi mzuri na majirani wasio na makelele.

Huyo mke wa seremala juzi alimkuta Kiatu juani, hakumtambua kwa ile rangi yake mpya. Akaniuliza kobe huyu ni wa nani. Nikamjibu: mwenyewe hajaja kumchukua.

Wako akupendaye hata nikifoka,
Bibi yako, mke mkubwa.