Moshi Juu ya Nyumba ya Mzee

Mjukuu wangu Anitha,

Marahaba, salamu zako zimefika. Hapa Murukulazo tu wazima; bibi yako anaumwa magoti, mdomo haujambo.

Unauliza: ukinakili mchoro wa mandhari wa fundi mkubwa, hisia zako utazitia wapi? Miaka ile ya wakimbizi, mzee mmoja Mnyarwanda wa kambini alinifundisha kuchora kwa kuninakilisha mchoro wake wa kilima cha kwao, wa mkaa na udongo mwekundu kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Niliiga kila mstari. Ila nyumba aliyoichora kilimani haikutoa moshi, na kwetu nyumba isiyofuka jioni majirani huja kuuliza kuna msiba gani. Nikadhani amesahau, nikamwongezea moshi kwenye nakala yangu.

Akautazama sana.

“Kijana, nani anapika humo?”

Nikataka kuufuta. Akanishika mkono.

“Acha. Mke wangu alikuwa akiwasha moto mapema.”

Siku waliporudishwa kwao, aliniachia mchoro wake, wa kifundi kabisa. Wangu, wenye kilima kilichopinda kama mgongo wa ng’ombe mgonjwa, akaukunja taratibu, akaondoka nao.

Ubaki salama, mama.

Babu yako