Meneja Ana Ng'ombe Zizini kwa Baba, na Kampuni Inahama

Mpendwa dada Siwema, shikamoo, naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana ikifika Alhamisi nitakuwa nimesimama mbele ya wazee wa kijijini kwetu na sijui mdomo wangu utatoa nini, na tafadhali barua hii usiisome redioni kabla ya siku hiyo, na jina unibadilishie. Mimi nina miaka ishirini na tisa, naishi Somanda, hapa Bariadi, ni bibi shamba wa kampuni ya kigeni inayolimisha wakulima dengu nyeupe, zile kubwa, na kwa kuwa wazee wengi kwetu wanasikia Kisukuma vizuri zaidi, mikutanoni mimi ndiye mkalimani wa meneja.

Huyo meneja katoka nje ya nchi, ila kijijini hakuna anayemwita jina lake. Baba yangu, mzee Mayunga, alifurahia mavuno ya kwanza mpaka akamsimamisha mbele ya watu akampa jina la marehemu babu, Ndaki, tena akamkabidhi mtamba, na kwa kuwa meneja amepanga mjini ambako hata kuku hawezi kufuga, mtamba akabaki zizini kwa baba, na sasa ameshazaa. Tangu siku ile baba anamwita mwanangu, na mtu akiuliza hii kampuni ikituacha je, baba anacheka, anasema, "Mwenye ng'ombe kwangu ataenda wapi? Siku akitaka kuondoka atakuja kumuaga ng'ombe wake, nasi tutamwona." Na watu wanakubali, kwa sababu kwetu mtu haachi ng'ombe kwa mwenzake akapotea tu, akija kumtoa au kumkabidhi moja kwa moja, ujue safari imeiva.

Sasa dada, wiki iliyopita Ndaki aliniita ofisini akafunga mlango. Kumbe kampuni yetu ya hapa ni mtoto tu, mama yake yuko Dubai, na huyo mama ameuzwa kwa kampuni nyingine yenye mashamba yake yenyewe Msumbiji, na hao wapya hawana mpango wa kununua dengu za Simiyu. Lakini mpaka wakabidhiane, mradi lazima uonekane unatembea, kwa hiyo mbegu zitagawiwa Alhamisi kama kawaida na mimi niwaambie wazee kwamba tuko pamoja. Nikamuuliza, na mavuno atanunua nani? Akaangalia dirishani, akasema, "Huenda watabadili mawazo." Halafu akaniambia nimewekewa nafasi Msumbiji, cheo kimepanda, nyumba ya kampuni, ila nisiongee. Wakati natoka akasema, "Na yule ng'ombe, mwambie baba abaki naye tu."

Dengu zile kubwa wafanyabiashara wa hapa mjini hawazigusi, wanasema hizo ni za kampuni, zirudisheni kampuni. Na baba mwaka huu ameuza mbegu zote za dengu zetu ndogo, anataka shamba lake lote la mbugani liwe la dengu nyeupe, na majirani wanamfuata yeye. Dada, nikikaa nainuka, nikienda bombani narudi bila ndoo, juzi nimepanda bodaboda mpaka hospitali wakati siumwi, nilitaka tu niwe nakwenda mahali. Nikisema nafukuzwa, na Msumbiji ndiyo basi tena. Nikinyamaza baba atalala njaa, na mimi ndiye niliyemwambia alime. Jana kanipigia anauliza, "Ng'wanawane, mwanangu, Ndaki anakunywa maziwa? Ng'ombe wake anakamuliwa vizuri, nimtumie." Nikakata simu, nikasingizia mtandao. Nifanyeje?

Nyanjige, Somanda

Nyanjige mdogo wangu, marahaba. Barua sitaisoma redioni mpaka Alhamisi ipite, na majibu haya nakutumia kwanza kwenye simu yako. Nilikuonea huruma kweli, mpaka pale ulipomkatia baba simu. Hapo huruma ikapungua. Mzee anauliza maziwa, wewe unasingizia mtandao!

Acha kumlilia Ndaki wala kumchukia. Naye ni mwajiriwa kama wewe, habari kapewa kwa simu, na atahamishiwa atakakoambiwa. Kampuni za namna hii zinakuja kwa hesabu na kuondoka kwa hesabu, na anayepiga hizo hesabu hajawahi kukanyaga Bariadi. Baba yako aliona uso mmoja akadhani ndiyo kampuni nzima, akaupa jina na ng'ombe. Huo ni utu wake, usimcheke. Lakini wewe uliyekula mshahara wao, mbona hukuwahi kuuliza wenye mali ni akina nani? Na hiyo Msumbiji inayokutoa udenda, wakihama tena utawadanganya wazee wa nani?

Haya, sikiliza. Leo hii nenda kwa baba. Mambo ya Dubai yaache ofisini, yasije yakakuletea kesi. Mwambie hivi: "Baba, mnunuzi wa dengu nyeupe mwaka huu mimi simwoni." Basi. Hiyo ndiyo kazi ya bibi shamba, na hakuna wa kukufunga kwa hilo. Akatafute mbegu ndogo sokoni kabla hazijaisha, na hizo nyeupe, kama moyo unamsumbua, apande kipande kidogo tu. Majirani watamfuata kama kawaida yao. Na Alhamisi afisa kilimo wa wilaya aitwe, meneja aulizwe mbele yake ni nani atasaini kwamba atanunua.

Ukitoka hapo nenda kwa Ndaki. Mwambie siri yake hutaitoa, ila "tuko pamoja" hutaitafsiri. Halafu mwambie kwetu ng'ombe haachwi kwa kutuma salamu. Aende mwenyewe kwa mzee Mayunga, mchana, watu wakiwepo, amkabidhi ng'ombe na ndama wake, aage kama mtoto wa nyumba ile. Wala hatahitaji mkalimani. Baba yako akimwona ameshika kamba ya yule ng'ombe anamrudishia, ataelewa, na kijiji kizima kitaelewa.

Akikataa, Alhamisi usikae meza ya meneja. Kaa chini na akina mama. Wazee wakikuuliza mbona leo uko huku, wajibu ukweli, kazi utatafuta nyingine.

Na sasa hivi, kabla hujafanya lolote, mpigie baba. Mwambie maziwa asiyatume mjini, Ndaki anakuja kuyanywa nyumbani. Halafu hakikisha anakwenda.